Nyumbani Iliwaka

Nyumbani iliwaka kwa kiki ya pili. Ilikuwa alfajiri, mlango wa gereji uko wazi, nimevaa kandambili, wala sikutumia nguvu. Niliutafuta ule ugumu wa pistoni kwa unyayo, nikaupita kidogo, nikashusha mguu mpaka chini. Ikaitika. Niliiacha ingurume kama dakika moja ili mwanangu aliyekuwa akifunga viatu aisikie, kisha nikaizima kwa swichi, tukaipandisha kwenye tela, tukaifunga kwa mikanda minne, tukashika njia ya jangwani.

Baada ya saa mbili na ushei tulikuwa Johnson Valley, na pikipiki ile ile, kwa mafuta yale yale na mguu ule ule, ilikataa. Nilipiga kiki tano nikapumzika. Nikapiga kumi nyingine. Mwanangu ana miaka kumi na minne, na alikuwa ameshavaa helmeti na glavu. Akaivua helmeti bila kusema neno, akakaa ukingoni mwa tela. Ilipofika kiki ya ishirini na mbili jasho lilikuwa linaniingia machoni. Nikasimama, nikasema kwa sauti kama ninayemlalamikia mtu, "Mbona nyumbani iliwaka!"

"Lakini hapa si nyumbani, Baba," akasema. Alisema taratibu, kama mtu anayenisaidia kufikiri.

Nimeishi na jibu hilo miezi kadhaa sasa.

Pikipiki yenyewe ni Honda XR250R ya mwaka 2001. Haina kitufe cha kuwashia. Kuna kiki na mguu wako. Ina silinda moja inayopozwa kwa upepo, na kabureta isiyohitaji pampu, kwa sababu mafuta hushuka yenyewe kutoka kwenye tangi lililo juu yake. Honda waliacha kuiuza Marekani baada ya toleo la 2004, ila za zamani bado zimejaa kwenye magereji ya huku California ya kusini, nyingi zikiwa zimelala chini ya turubai. Yetu tuliinunua mtaa wa pili, kwa mzee ambaye magoti yalikuwa yamemkataza. Ilikuwa haijawaka miaka mitatu.

Niliipenda kabla sijaigusa, na sababu ni mjomba wangu. Alikuwa bwana shamba wilayani Muheza, na serikali ilimpa Honda XL125S, zile zilizopanda vilima vya Usambara na maafisa wa kilimo na wauguzi wa zahanati katika miaka ya themanini. Gereji yake ilikuwa chini ya mwembe. Injini ikikataa kuwaka hakuipiga kiki mara nyingi. Alichuchumaa kando yake, akajiuliza kwa sauti, "Nimekupa nini, nimekunyima nini?" Kisha akapita njia yake: mafuta yanafika? Moto upo? Pumzi ipo? Kwa pumzi alikuwa na maana ya hewa inayoingia na ule mgandamizo unaousikia kwenye mguu. Mpaka leo sijui njia iliyo bora kuliko hiyo. Injini isiyowaka imekosa kimojawapo kati ya hivyo vitatu, au imepewa kupita kiasi, na ajabu ni kwamba huku kupita kiasi ndiko sisi wanaadamu husahau kukufikiria.

Siku ile jangwani nilisahau hata swali lenyewe. Nilikuwa napiga kiki.

Hata hivyo kisa hiki hakieleweki bila tela, kwa hiyo nianze na tela.

Lilikuja ndani ya maboksi. Ukinunua tela la bei ya chini kabisa huku unapewa vyuma vilivyotobolewa, mfuko wa bolti, magurudumu mawili, taa mbili, na kijitabu chenye michoro midogo. Unalifunga mwenyewe barazani. Kipimo chake ni futi 4 kwa 8, ambacho ndicho kipimo cha plaiwudi nzima, kwa hiyo sakafu yake ni plaiwudi moja isiyoguswa na msumeno. Nilitumia siku mbili. Nilipokuwa nakaza nati za mwisho jirani yangu, mzee aliyeendesha malori ujana wake wote, alivuka barabara, akalizunguka mara mbili, akaniuliza kama nimeyafungua magurudumu. Nikamwambia ndiyo kwanza nimeyafunga. Akaniagiza niyafungue.

Mle ndani grisi ilikuwa kidogo mno, imetosha kuzuia kutu lakini haikutosha safari. Akanifundisha kulisha beringi kwa mkono: unaweka bonge la grisi kiganjani, unaikandamiza beringi pembeni mwa bonge hilo tena na tena mpaka grisi itokeze upande wa pili, kati ya kila rola na jirani yake. Ni kazi ya taratibu inayofanana na kukanda unga. Beringi moja ilichukua muda wa kunywa chai. Nilipomaliza ya nne alinionyesha jinsi ya kukaza nati yake: ikaze huku unalizungusha gurudumu, halafu uilegeze kidogo tu, kisha utie pini. Ukiikaza mno beringi itaungua. Ukiilegeza mno gurudumu litayumba.

Sababu ya usumbufu wote huo ni hesabu ndogo. Sheria ya California hairuhusu gari linalovuta tela kuzidi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Kwa mwendo huo gurudumu la gari langu huzunguka karibu mara 700 kwa dakika. Gurudumu la tela, lenye rimu ya inchi 12 na tairi jembamba, linazunguka karibu mara 900. Kidogo hukimbia kuliko kikubwa ili vifike pamoja. Mimi hufanya kazi kwenye ghala hapa San Bernardino, ambako malori yanaingia na kutoka usiku na mchana, na hilo nimeliona kwa watu pia.

Kuna jambo la kichwa cha duara kilicho nyuma ya gari, kile ambacho mdomo wa tela hukaa juu yake. Viko vya inchi 1 na 7/8, viko vya inchi 2. Kwa macho vinafanana kama mayai. Mdomo wa inchi 2 ukiuweka juu ya kile kidogo utafunga, utabana, utakudanganya kabisa, na tuta la kwanza kubwa litaufungua. Ndiyo maana kuna minyororo miwili, nayo hupishanishwa chini ya mkono wa tela, ili mkono ukichomoka uangukie juu ya minyororo usichimbe lami. Kila safari nasoma namba iliyochongwa juu ya kile kichwa, ingawa najua kabisa ni ngapi.

Mzigo nao una mahali pake. Hapa kijitabu kinasema asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae juu ya kile kichwa cha duara. Niliposoma hivyo nilitabasamu, nikawaona vijana wa mikokoteni wa Ngamiani, kule Tanga. Hakuna aliyewafundisha asilimia. Lakini mwangalie mmoja wao akipanga magunia: anatanguliza mbele kidogo, anainua mikono ya mkokoteni, anasikiliza uzito kwenye viganja, anarudi kusogeza gunia moja kwa shibiri. Akiweka mzigo nyuma mikono itaruka juu na kumning'iniza. Tela lililolemewa nyuma linafanya vivyo hivyo, ila kwa kuwa limeshikwa haliruki. Linaanza kutikisa mkia, kushoto kulia, kushoto kulia, na kwenye mteremko mkia huo unaweza kuliongoza gari. Pikipiki yetu ina kama kilo 110 bila mafuta. Gurudumu lake la mbele tunalisogeza mpaka liguse ubao wa mbele wa tela, mikanda inaushika usukani pande mbili na kuubonyeza chini, na katikati ya tairi na madigadi tunachomeka kipande cha mbao ili shokapu za mbele zisibinywe mpaka mwisho njia nzima na kuziumiza sili zake.

Niliyafanya yote hayo alfajiri ile. Naapa niliyafanya yote. Ningeweza kuwaita watu waje kuikagua kazi yangu.

Tukaipanda Cajon Pass, ile njia ya mlimani inayotenganisha bonde letu na jangwa, malori yakihema kulia kwetu. Tulipofika Hesperia tukasimama kwenye kituo cha mafuta, na mwanangu akashuka kufanya kazi yake: kugusa vikombe vya magurudumu ya tela kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu, hakuna neno. Kama huwezi kuuacha mkono hapo ukahesabu mpaka tano, hampandi tena barabarani. Mwaka wa kwanza tulikuwa na safari moja niliyoona uvivu kutia grisi mpya, na kikombe cha kulia kilitoa moshi tukiwa njia panda ya Lucerne Valley. Tulilala pale pale. Mtoto alikuwa na miaka kumi na moja, na ndiye aliyejiteua tangu hapo kuwa mgusaji.

Kutoka Hesperia unaitafuta barabara namba 18 mpaka Lucerne Valley, kisha namba 247, na nyumba zinapungua mpaka unabaki na vichaka vya kreosoti vilivyoachiana nafasi kama watu wasiosalimiana. Johnson Valley ni ardhi ya umma. Kila mwanzo wa mwaka, tangu 2007, ziwa kavu la Means lililomo humo linageuka mji wa mahema kwa ajili ya mashindano ya King of the Hammers. Sisi huenda siku za kawaida, ambapo unaweza kukaa mchana kutwa ukahesabu magari kwa vidole.

Ukiacha lami, barabara ya vumbi imejaa matuta madogo yaliyofuatana kama mbavu. Na hapa tela la bei nafuu linaonyesha tabia yake. Springi zake zimetengenezwa kwa mzigo wa kilo mia tano na zaidi. Wewe umelipakia mia moja na kitu. Tairi zake hujazwa upepo wa psi 60, karibu maradufu ya tairi za gari dogo. Chuma kigumu juu ya mpira mgumu, na uzito haupo wa kulituliza. Linaruka. Kwenye kioo nilikuwa nauona usukani wa pikipiki ukitetemeka mfululizo, tatata, tatata, kama kifuniko cha sufuria. Mikanda ilishika. Nilifurahi kwamba imeshika, nikaendelea.

Sasa turudi kwenye kiki ya ishirini na mbili.

Aliyekuwa amekaa ukingoni mwa tela ndiye aliyeona. "Baba, hapa pamekuwaje?" Alikuwa anaangalia plaiwudi. Vumbi la njia lilikuwa limeifunika sakafu nzima kwa rangi moja ya unga wa mtama, isipokuwa mahali pamoja, chini ya pale injini ilipokuwa imesimama. Palikuwa na duara safi la ukubwa wa sahani, na mbao zake zimekolea rangi. Kitu cha majimaji kilidondoka pale, kikalisukuma vumbi, kikakauka. Akainama, akanusa. "Petroli."

Nikapiga magoti kando ya pikipiki, nikatazama chini ya tangi upande wa kushoto. Koki ya mafuta ilikuwa wazi. Niliifungua alfajiri ili niiwashe, nikaizima injini kwa swichi, nikaacha koki kama ilivyo. Na mle mchangani nikajibiwa lile swali la mjomba: nilikuwa nimeipa mafuta saa mbili nzima bila kuiomba kazi yoyote.

Kwa asiyewahi kufungua kabureta, nieleze. Chini yake kuna bakuli dogo ambamo mafuta hukaa yakisubiri. Ndani ya bakuli kuna boya, na boya limebeba sindano. Mafuta yakipanda, boya hupanda, sindano inaziba tundu, mafuta yanakoma. Yakishuka, tundu linafunguka. Ni mtambo ule ule wa tangi la choo, ila wa ukubwa wa kiberiti. Injini ikiwa imesimama mahali pamoja sindano hukaa imeziba hata wiki. Lakini uiweke juu ya tela linaloruka, boya linadunda. Kila likidunda sindano inaachia kwa kufumba na kufumbua, na tone linapita. Koki ikiwa imefungwa hakuna tone la kupita. Ikiwa wazi, tangi zima liko nyuma ya tone hilo. Mengi hutokea kwa kijibomba cha kufurikia, ndiyo yale yaliyoosha plaiwudi. Mengine yanapanda, yanaingia kwenye njia ya hewa, yanaingia kwenye silinda, na huko yanailowesha plagi. Plagi iliyolowa haina cheche ya maana. Kila kiki niliyopiga kwa hasira ilivuta mafuta mengine juu ya yale.

Tulifunga koki. Tukalegeza skrubu ya chini ya bakuli, tukalimwaga kwenye kopo. Nikaichomoa plagi: nyeusi, inang'aa kwa majimaji, imenuka mpaka mwanangu akageuza uso. Tukaiweka juu ya jiwe juani. Swichi ikiwa imezimwa na tundu la plagi liko wazi, nikapiga kiki polepole mara kumi na mbili, na kila kiki ikatema ukungu mwembamba wa petroli uliopotea hewani. Kazi hii haifanywi karibu na sigara wala jiko, na waya wa plagi huwekwa mbali. Kisha nikachomoa kijiti cha kupimia oili na kukinusa kwa muda mrefu, maana petroli ikipita kwenye ringi na kushuka kwenye oili, inaifanya nyepesi kama maji, na injini ukiiwasha hivyo unaiua mwenyewe. Ilinuka oili tu. Hapo nilipumua.

Tukala mkate. Tukatia plagi ya akiba. Choki imeachwa isitumike, mkono wa mafuta umevutwa mpaka mwisho ili hewa iingie kwa wingi na kuyafukuza yaliyobaki, mguu chini. Hakuna. Tena. Hakuna. Ya nne ilikohoa. Ya sita ikashika kwa shida, ikatoa moshi mweusi kama wa lori, ikanguruma kwa mikwaruzo, halafu ikasafika. Mwanangu alikuwa ameshashika helmeti.

Si kila injini ngumu kuwaka ina kisa cha aina hii. Ugonjwa wa kawaida zaidi ni ule tuliourithi nayo: petroli iliyolala. Petroli ya huku huchanganywa na ethanoli, nayo ethanoli huvuta unyevu wa hewani. Sehemu nyepesi za petroli, zile zinazoshika moto upesi, huruka zenyewe mwezi hadi mwezi, na kinachobaki chini ya bakuli hugeuka gundi ya rangi ya chai. Kabureta ile niliifungulia juu ya sahani nyeupe kwenye meza ya jikoni, mama watoto akiwa amelala. Jeti ya mwendo mdogo, ile inayoilisha injini wakati wa kuwaka, ina tundu lisilofika nusu milimita. Niliiinua kwenye taa, sikuona nuru. Niliilowesha usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia kabureta, asubuhi nikapitisha uzi mwembamba kabisa wa gitaa, taratibu, bila kusugua, kwa sababu tundu likitanuliwa kwa unywele mmoja kipimo kimeharibika. Nikaiinua tena. Nukta ya mwanga, ya duara kamili. Nimeona vitu vikubwa maishani, lakini nukta ile nilimwamsha mtu aje aione.

Na kuna zile injini mpya za mashindano. Mwaka 1997 Doug Henry alishinda mbio za mwisho za supercross Las Vegas juu ya Yamaha ya majaribio yenye injini ya viharusi vinne, wakati wenzake wote walikuwa kwenye viharusi viwili, na mwaka uliofuata Yamaha wakaiuza YZ400F kwa watu wa kawaida. Tangu hapo mchezo wote uligeuka. Nyingi kati ya injini za namna hiyo zilizofuata zilitiwa valvu za titani, nyepesi ajabu, lakini uso wake ukilika valvu huzama kwenye kiti chake, na ile nafasi ndogo ya tapeti inajifunga. Injini ikiwa baridi valvu haizibi sawasawa, pumzi inavuja, kiki inakuwa laini mguuni. Mwenyewe hununua plagi, ananunua nyingine, anabadilisha mafuta. Kilichohitajika ni fila geji na nusu saa. Ya kwetu ina tapeti za skrubu, za kizamani, na nashukuru.

Nirudi kwenye jambo lililonifanya niandike. Nilikuwa nimeitenga safari kwenye akili yangu. Upande mmoja kulikuwa na injini, kazi ya gereji, nimeimaliza. Upande mwingine kulikuwa na tela, beringi, minyororo, mikanda, nimeyamaliza. Katikati niliona njia tu, kitu cha kupita. Sikufikiri kwamba kubebwa nako ni kazi inayofanywa juu ya kile kinachobebwa. Pikipiki ilisafiri kilomita zaidi ya mia bila gurudumu lake kuzunguka hata mara moja, na ilifika ikiwa nyingine.

Tangu siku ile naliona jambo hili kila mahali, na pahali palipokuwa karibu zaidi ni mdomoni mwangu. Mwanangu alizaliwa hapa. Shuleni ni Kiingereza, na rafiki zake ni Kiingereza. Kiswahili chake cha nyumbani ni cha chakula na salamu na kukatazwa. Lakini chini ya tela, na mikono imejaa grisi, sina maneno mengine isipokuwa yale ya chini ya mwembe wa Muheza: plagi, koki, beringi, gia, kabureta, tela. Mengi yalitoka kwa Waingereza. Yalishuka bandarini Tanga pamoja na mashine zenyewe, yakaingia gereji, mafundi wakayatia irabu mwishoni ili yakae vizuri kinywani, yakawa yetu. Sasa nimeyavusha bahari mara ya pili, mpaka kwenye nchi ambako maneno hayo yana ndugu zake, na ndugu hawayatambui. Mwanangu aliwahi kwenda duka la vipuri akaomba "beringi" kwa lafudhi ya mjomba wangu ambaye hakuwahi kumwona. Muuzaji hakuelewa. Mtoto alirudi kwenye gari akacheka, na mimi nilijifanya nafuta kioo.

Siwezi kumpa mwembe, wala mjomba, ambaye tulimzika mwaka 2009. Nikihesabu kwa uaminifu ninachoweza kumpa ni maneno haya yaliyotikiswa njiani, na zile kanuni tatu za mafuta, moto na pumzi. Kisomo cha jangwani ni kirefu: kufunga mkanda bila kuuvuruga, kusikia uzito kwa viganja, kusubiri plagi ikauke bila kununa. Nayafundisha yote kwa Kiswahili, kwa makusudi. Hakuna somo jingine ambalo lugha yangu ndiyo lugha yake ya kwanza.

Jioni ile upepo ulianza kuinua mchanga. Mwanangu alikuwa amezunguka ziwa kavu mara nyingi, uso una rangi ya udongo kasoro miwani. Tuliegemeza ubao wa kupandishia, akaiendesha juu ya tela taratibu kwa gia ya kwanza, nikaishika. Nilinyoosha mkono kuelekea swichi nizime.

"Subiri, Baba."

Akachuchumaa kushoto, akapeleka vidole chini ya tangi, akazungusha koki. Injini iliendelea kunguruma kama haijaambiwa. Tulisimama kila mmoja upande wake, tumeushika usukani, tukiisikiliza inakunywa kile kilichobaki bakulini. Ikapita dakika. Ikapita nyingine. Mlio ukapanda kidogo, kama mtu anayevuta pumzi ya kuanza neno, ukayumba, ukazimika wenyewe. Kukawa na upepo tu.

"Tayari," akasema, akaniletea mkanda wa kwanza.